Aliyekanwa Mbele ya Kawa

Mishi alimkana mwanawe siku ya Jumatano, jua likiwa halijafika utosini, mbele ya Mwalimu Kache na mbele ya lile Kawa lililokuwa likining'inia juu ya minazi. Wala hakuona haya. Alimkana kwa sauti ya juu makusudi, ili wote wawili wasikie.

Ilikuwa siku ya hesabu ya watu, mwezi wa nane, mwaka mmoja na ushei kabla ya Uhuru. Chifu alikuwa amepita Mwabungo nzima akitangaza kwamba kila nyumba itaandikwa. Wakati ule, kwa habari za vyama na majimbo, kila aliyekuja na kalamu alishukiwa. Wengine walisema ni kodi mpya. Wengine walisema mashamba ya pwani yatagawiwa watu wa bara kwa kufuata hesabu hiyo. Na kana kwamba kalamu haikutosha, siku mbili kabla yake likatokea lile dude.

Umbo lake lilikuwa la kawa la kufunikia chakula, lile la ukindu, pana chini na lenye ncha juu, ila upana wake ulikuwa wa chumba kizima na rangi yake ya bati lililochakaa. Halikuwa na mabawa wala panga la kuzunguka. Lilivuma kidogo, kama nyuki walio ndani ya mzinga. Lingesimama juu ya paa la mtu kwa muda wa kumenya mhogo mmoja, kisha likahamia paa la pili. Watu wa Mwabungo hawakulikimbia. Walikwisha kuona ndege za serikali za kila namna, na kwa kuwa hili lilikuja pamoja na hesabu, wakakata shauri kwamba ni la hesabu. Serikali imejua kuwa watu wanaficha, imeleta jicho la kuchungulia kutoka juu. Wakaliita Kawa, wakaendelea na kazi zao, na kila mwenye cha kuficha akakificha vizuri zaidi.

Mishi alikuwa barazani akishona makuti. Mwalimu Kache akabisha hodi, akakaribishwa mkeka. Alikuwa Mgiriama aliyekuja kusomesha Kinondo, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kamba na daftari kubwa la serikali kifuani. Aliuliza kwa adabu, na Mishi akajibu bila kuacha kushona. Mume ni Abdurahman, yuko Ramisi kwenye miwa. Watoto ni wawili, Mwero na Saumu, wako chuoni, wanasoma Kurani.

"Na huyu?" Kache aliuliza.

Huyu alikuwa msichana wa miaka mitano aliyekaa kizingitini akitafuna mhogo wa kuchoma, masizi mashavuni, meno mawili ya mbele hayapo.

"Huyo si wangu," Mishi alisema. "Si mtu wa kuandikwa. Ni taka tu, nimemwokota jaani."

Kache alimtazama mtoto, akamtazama mama. Pua ilikuwa moja.

"Anaitwa nani?"

"Mtupeni."

"Mama, hata wa kuokotwa huandikwa."

"Basi na aandikwe kwa aliyemtupa." Kawa lilikuwa limeshuka kidogo, kivuli chake kimegusa ukingo wa baraza. Mishi akainua uso, akalisemesha na lenyewe, maana hakupenda kurudiarudia mambo. "Si wangu. Nimemwokota jaani."

Kache alikuwa mtoto wa pwani, alijua anachokisikia. Hakubishana. Aliacha mstari mmoja mtupu chini ya jina la Saumu, akashukuru, akaenda kwa jirani.

Mambo yalikuwa hivi. Baada ya Saumu, Mishi alizaa watoto wawili akawazika wote wawili, mmoja kabla ya arobaini, mwingine wa miezi minne aliyekuwa ameanza kucheka. Wa kwanza kati ya hao alisifiwa sana na wageni siku ya kutolewa nje. Wa pili alihesabiwa kwa kidole na shangazi mmoja mwenye mdomo, "wa kwanza, wa pili, wa tatu, huyu wa nne." Alipozaliwa msichana wa mwisho, hakuna aliyengoja ushauri. Siku ya saba alitiwa ndani ya kitunga kilichotoboka, akawekwa juu ya jaa kati ya maganda na majivu. Bi Mwanakombo, jirani wa nyuma, akapita kama mtu aliyepotea njia, akamwona, akashangaa, akambeba, akamleta kwa Mishi na kumwuliza kama anataka taka hii. Mishi akasema ilete, nitaiweka pembeni. Wakamwita Mtupeni, ili kifo kikija kumtafuta mtoto wa Mishi kisimwone. Jina alilochagua baba yake lilinong'onwa mara moja sikioni, baada ya adhana, halikutajwa tena. Na kwa miaka mitano Mishi hakuwahi kumwita yule mtoto mwanangu. Alimlisha, alimwogesha, alimkesha homa zote, na neno lile moja hakulisema. Hila hiyo ilikuwa imefanya kazi. Mtoto alikuwa hai, mwenye kelele na tumbo zuri.

Siku ya pili, Alhamisi, yapata saa nne asubuhi, Mzee Mbwana alikuja akitembea upande upande kama kaa. Alikuwa jirani wa upande wa bahari, mjane, mwenye mbuzi saba na siri nyingi. Mishi alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kumtazama. Akakaa. Akasema jua ni kali. Akasema mpunga mwaka huu umekubali. Mishi, aliyekuwa na makuti ya kumaliza, akamwambia aseme kilichomleta.

Ikatoka kidogo kidogo. Jana Mwalimu Kache alipofika kwake kumwuliza habari za watu, yeye mwenyewe, bila kuulizwa, alisema kwamba mbuzi hana hata mmoja. Mwalimu akamwambia mbuzi hawamo kwenye hesabu. Yeye akasema, kwa usalama, kwamba hata hivyo hana. Wakati huo mbuzi wote saba walikuwa nyuma ya shamba, ndani ya shimo la zamani walilokuwa wakichimba mawe ya kujengea, wamefunikwa kwa matawi. Kawa lilikuwa juu ya paa lake. Leo alfajiri alikwenda kuwapa majani, akakuta matawi yamepangwa pembeni vizuri, na shimo tupu. Hakuna unyayo, hakuna damu, hakuna kinyesi cha fisi.

"Umeibiwa," Mishi alisema. "Nenda kwa chifu."

Mzee Mbwana alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea mjinga huruma. Angekwenda kwa chifu kusema nini? Kwamba wamepotea mbuzi aliokula kiapo kuwa hana?

Mishi alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Mzee alimwacha amalize.

"Hilo la mbuzi, cheka," alisema. "Lakini nilipokuwa nimesimama pale shimoni nilimsikia mtu juu yangu akisema, 'Mbuzi sina, hata mmoja.' Nikainua uso. Ni Kawa. Na sauti ilikuwa yangu, Mishi. Wallahi yangu mwenyewe, na kikohozi changu ndani yake. Likasema hivyo mara tatu, likanyamaza, kama linalongoja nijibu. Mimi nikanyamaza. Ningejibu nini? Likaondoka zake."

Mishi hakucheka tena, ingawa hakujua bado kwa nini. Kabla hajasema kitu, Mwalimu Kache akabisha hodi. Mkubwa wake amelikataa daftari lenye mstari mtupu, alisema, na amerudi kumwomba mama amwonee huruma, ajaze tu lolote. Mishi akamkata. Alimwuliza lile Kawa lenu linachukua nini kwa watu, na kwa amri ya nani.

Kache alishangaa. Walikuwa wamemwuliza nyumba tatu jana, alisema, naye aliwajibu kila mara, lakini hawakumwamini. Serikali haina chombo cha namna ile. Alimwuliza hata bwana mkubwa aliyekuja na gari kutoka Kwale, na bwana mkubwa alitazama juu, akapanda gari lake, akafunga vioo na kurudi Kwale. Mwalimu alikuwa msomaji wa magazeti. Watu wamekwisha kuizunguka dunia, alisema, mwaka jana na mwaka huu, ndani ya vyombo si vikubwa kuliko jiko lako. Kama sisi tunatoka kwenda kuchungulia, nani amesema wengine hawaji kuchungulia kwetu? Yeye alikuwa amelitazama Kawa kwa siku tatu, na kwa maoni yake lile dogo si lenyewe. Ni mjumbe tu, kama yule mama mmoja anayetumwa mbele ya posa kwenda kuomba maji, aone nyumba ilivyo. Wenyewe wako nyuma, mbali.

"Na mjumbe hubeba kitu akaonyeshe," Mishi alisema polepole.

"Pengine. Lakini asingependa kutafutwa. Angebeba kisicho na mwenyewe."

Mzee Mbwana alikohoa. Mishi alikuwa amekwisha kusimama. Makuti yalimwanguka kutoka mapajani. Kisicho na mwenyewe. Alikuwa amelisemesha mwenyewe, ameinua uso na kurudia neno, ili lisije likakosa kusikia.

Mtupeni alikuwa mpungani. Alipelekwa na dada yake tangu alfajiri kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, na Saumu angekaa naye mpaka saa ya chuo. Saa ya chuo ilikuwa imepita zamani.

Mishi alikimbia. Hakuvaa viatu wala hakuchukua kanga ya pili. Alivuka barabara kuu bila kutazama, akakata katikati ya mihogo ya mtu. Nyuma yake alisikia viatu vya Kache, na nyuma zaidi kikohozi cha Mzee Mbwana. Bonde la mpunga liko mwendo mfupi, mwendo ambao siku nyingine aliuenda na mzigo kichwani akiimba. Leo ulikataa kwisha. Kitu cha kwanza kumtia hofu hakukiona, alikikosa. Wakati wa kuamia, bonde zima huwa na kelele za watoto na madebe. Leo hapakuwa na ndege, hapakuwa na debe. Palikuwa na mvumo wa mzinga tu.

Kawa lilikuwa juu ya dungu lao, lile jukwaa la kuamilia, chini kabisa, kiasi cha mtu kuweza kuligusa kwa mti wa kuangulia nazi. Tumbo lake lilikuwa limefunguka duara moja jeupe, na kutoka humo mwanga ulishuka wima, mzito kama uji. Ndani ya mwanga, juu ya mbao za dungu, alisimama Mtupeni na debe lake mkononi. Nywele zake zilikuwa zimesimama. Hakuwa akilia. Alikuwa amelitazama Kawa, mdomo wazi, kama anayetazama mtu akikuna nazi.

Na kutoka juu sauti ya Mishi ilikuwa ikisema, kwa utulivu wa barazani, "Huyo si wangu. Si mtu wa kuandikwa. Ni taka tu, nimemwokota jaani."

Ikanyamaza. Ikasema tena. Hata ule mkwaruzo wa kuti alilokuwa akilikunja jana ulisikika ndani yake.

Nyayo za mtoto zikaachana na mbao.

Si sana, upana wa vidole viwili. Mishi aliingia majini, matope yakamshika magotini, akaita kama alivyoita kila siku ya miaka mitano.

"Mtupeni! Mtupeni, ruka, njoo!"

Mwanga ukazidi. Mtoto akapanda mpaka kiasi cha goti. Kutoka juu ikaja sauti yake mwenyewe, mpya, ya sasa hivi, inayotweta kwa mbio. "Mtupeni. Mtupeni."

Hapo Mishi akalisikia jina. Kwa miaka mitano alilitaja bila kulisikia, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani. Lilikuwa amri. Alikuwa amesimama ndani ya mpunga akikiamuru chombo cha watu asiowajua kimtupe mwanawe, nacho kilikuwa kinatii.

Alijua la kusema. Lilikuwa limemjaa kinywani, na halikutoka. Mtu asiyewahi kuzika watoto atasema ni upumbavu, ni neno tu. Mishi aliwaona wale wawili waliozikwa chini ya mkorosho, mmoja urefu wa mkono, mwingine urefu wa mkono na kiganja. Hao aliwaita mwanangu mchana kutwa. Huyu alimnyima, na huyu ndiye aliyeishi. Akilisema sasa, analisema mbele ya kila kitu kinachosikia, cha juu na cha chini. Kumwokoa na Kawa kisha kumkabidhi kwa kile kingine, ni kumwokoa?

Mtoto alifika kiasi cha kifua cha mtu mzima. Debe likamponyoka, halikuanguka. Likaelea pembeni mwake. Ndipo akaogopa. Alimtazama mamake na kukunja midomo.

"Mwanangu," Mishi alisema.

Ilitoka ndogo. Akakohoa, akaisema kwa sauti ile ya jana, ya kusikika minazini.

"Mwanangu huyo. Nimemzaa mimi, siku mbili za uchungu, hapo nyumbani, na mashahidi ninao. Jana nilisema uongo. Jina lake Mwanapili. Mwanapili binti Abdurahman."

Kawa likanyamaza. Kisha likasema, "Huyo si wangu." Likasema, "Mwanangu huyo." Likarudia moja, likarudia jingine, moja baada ya jingine, kama mtu anayepima nyanya mbili mikononi. Mtoto hakupanda wala hakushuka.

"Mwanangu," Mishi alisema kila lilipotua. "Mwanangu. Mwanangu." Hakuhesabu mara ngapi.

Kawa likabadili. Kwa sauti ya Mishi, taratibu, likauliza hewani, "Mwanapili?" Likangoja.

Mtoto aligeuza kichwa huku na huku akimtafuta anayeitwa.

"Mwanapili ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe," Mishi alisema. "Ndilo jina lako. Umeitwa, mama. Itika kama ulivyofundishwa."

"Si naitwa Mtu…"

"Usilitaje hilo. Itika."

"Mwanapili?" Kawa likauliza tena. Mvumo ulikuwa umeshuka, na duara la tumboni lilikuwa limeanza kujifinya. Mishi hakujua litafumba mtoto akiwa upande gani.

"Abee," mtoto alisema.

Mwanga ukakatika kama uzi. Debe lilianguka kwanza, mtoto akafuata, na Mishi akampokea nusu mikononi, nusu kifuani, wakaenda chini wote wawili ndani ya matope na mpunga uliokomaa. Mtoto ndipo akalia, kilio kikubwa cha kawaida, cha goti lililochubuka. Mishi alimpapasa kichwa, mbavu, vidole vya miguu, akihakikisha kila kitu kipo mahali pake.

Kawa halikuondoka. Mzee Mbwana alikuwa amefika ukingoni, akivuta pumzi. Aliliangalia, akavua kofia yake.

"Na mbuzi," alisema, "na mbuzi nao…"

"Mbuzi sina, hata mmoja," Kawa likamjibu kwa kikohozi chake.

"Niliongopa. Ninao. Ni wangu, wote watano."

Duara likafunguka, mwanga ukashuka kwenye nchi kavu, na mbuzi wakateremshwa mmoja mmoja, wakiwa wamekasirika. Walikuwa watano. Kisha Kawa likafumba, likapanda wima bila haraka, likawa kama sahani, likawa kama kifungo, halikuonekana tena. Mzee Mbwana alibaki na kofia mkononi, akitazama mbingu, mdomo ukihesabu.

"Walikuwa saba," Mishi alisema kutoka matopeni.

"Najua walikuwa saba."

"Sasa kwa nini…"

"Mbele ya mwalimu na daftari lake? Ulimi umezoea, Mishi. Ulimi umezoea." Akaketi chini kati ya mbuzi wake. Mwalimu Kache alicheka kicheko kibaya mpaka akalazimika kuketi naye.

Alipotulia, alilifungua daftari juu ya goti. Alimwonyesha Mishi mstari mtupu, akashika kalamu na kungoja. Alikuwa mwanamke mwenye akili. Angeweza kuandika mwenyewe, masikio yake yalikwisha kusikia.

Mishi aliutazama mstari ule. Kusema ni jambo moja, upepo hupeperusha. Wino hukaa. Ungekwenda Kwale na kutoka Kwale ungekwenda Nairobi, na mahali fulani bwana asiyemjua angeweka kidole na kusema, mmoja, wawili, watatu. Mtoto alikuwa ameacha kulia, akimchezea sikio kwa mkono wenye matope.

"Andika," alisema. "Mwanapili. Miaka mitano. Wa kike. Mtoto wa tatu aliye hai." Akangoja kalamu ifike mwisho. "Nisomee."

Kache akamsomea.

Walirudi kwa njia ya kawaida, mtoto kiunoni ingawa alikuwa mzito wa kubebwa. Habari zilikuwa zimetangulia, kama ilivyo desturi yake. Wanawake walisimama milangoni na hakuna aliyesema pole, maana hawakujua kama ni pole au ni hongera. Kwenye jaa, palepale njia inapopinda, Bi Mwanakombo alikuwa amesimama katikati ya njia na ungo mkononi. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyomwokota mtoto kwenye maganda.

"Nasikia umelitaja," alisema kwa sauti ya chini. "Mbele ya watu. Na limeandikwa."

"Limeandikwa."

"Hukuogopa?"

Mishi alimpandisha mtoto kiunoni. Paji la uso la mtoto lilikuwa shingoni mwake, naye alikuwa akilisikiliza kwa ngozi yake tangu mpungani, kama lina joto la jua au joto jingine. Angelisikiliza usiku huo na kesho yake, na mwezi mzima, pengine miaka.

"Naogopa, Bi Mwanakombo," alisema. "Tupishe tupite. Mwanangu hajala."